"Ni kompyuta tu": Maswali na majibu kuhusu kupima macho kwa wanaoshinda mbele ya skrini

Wafanyakazi wa ofisini wanaokuja kliniki ya macho huja na jibu mkononi. Macho yanawasha, kichwa kinagonga ikifika jioni, herufi zinaingiana, na wao wameshaamua: ni kompyuta tu. Wamekaa na jibu hilo mwaka mzima, wengine mitatu, kabla ya kufika kwenye kiti cha kupimwa. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza wakishakaa.

Kukaa kwenye kompyuta kunaharibu macho?

Hapana. Skrini haimpofushi mtu. Inachosha na inakausha. Ukiwa unazungumza na mtu unapepesa macho mara 15 hadi 20 hivi kwa dakika. Ukikazia skrini, idadi hushuka mpaka 5 au 7, na mara nyingine kope hazifungi hadi mwisho. Kupepesa ndiko kunakotandaza machozi juu ya jicho, kwa hiyo usipopepesa jicho linakauka, linawasha, linakuwa jekundu. Wakati mwingine linatiririsha machozi, na hapo mtu anakataa katakata kwamba jicho lake ni kavu. Ni kavu. Linajitetea. Ongeza na misuli ya ndani ya jicho inayojikaza kwa muda wa saa nane ili uone karibu, utaelewa uchovu unatoka wapi. Kila dakika 20 inua macho, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, pepesa kwa makusudi. Inasaidia.

Basi kama haiharibu, nipimwe kwa nini?

Kwa sababu jibu la "ni kompyuta tu" ndilo linalowachelewesha watu.

Kwanza, skrini huibua kasoro iliyokuwepo tangu zamani. Mtu mwenye tofauti ndogo kati ya jicho la kulia na la kushoto anaishi nayo vizuri mpaka apewe kazi ya kusoma tarakimu ndogo kutwa. Mwingine amefika miaka 40, lenzi ya jicho imeanza kukakamaa kama inavyokuwa kwa kila binadamu, naye anazidi kuongeza mwanga wa skrini.

Pili, na hili ndilo linalonisumbua, nyuma ya uchovu wa kawaida panaweza kujificha ugonjwa usiouma hata kidogo. Ugonjwa ambao watu huuita presha ya macho, na madaktari huuita glakoma, ndio mfano mkubwa. Inaua polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Huanza kwa kula pembeni, ambako huangalii unaposoma. Jicho moja likipungua, jingine linalifidia. Unaendelea na kazi, unaendesha gari, unasoma ujumbe wa simu, huku uoni unaondoka. Ulioondoka haurudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Tiba inaokoa kilichobaki tu.

Lakini mimi naona vizuri.

Unajuaje? Umewahi kufunika jicho moja ukatazama kwa jingine peke yake?

Alikuja mhasibu mmoja, miaka arobaini na kitu, akaomba miwani ya kompyuta. Nikamwambia afunike jicho la kulia kwa kiganja, asome ubao wa herufi. Akakwama kwenye herufi ile moja kubwa ya juu kabisa. Akatoa mkono, akatazama ubao, akafunika tena taratibu kana kwamba kosa ni la kiganja. "Kumbe hili halioni?" Jicho la kushoto lilikuwa limebaki na uoni mdogo sana. Glakoma. Miaka miwili nyuma aliona mwanga unamsumbua na macho yanachoka, akajiambia ni kompyuta. Angekuja wakati ule, tungekuwa na kitu kikubwa cha kuokoa.

Kuona vizuri kwa macho mawili si kipimo cha macho. Tafadhali lishike hilo.

Mbona nikipumzika wikiendi yanatulia? Si ndiyo uthibitisho kuwa ni kompyuta?

Ni uthibitisho kwamba uchovu unatokana na kazi. Hauthibitishi kwamba hakuna kingine. Glakoma ya aina hii haikuwa inakuuma Ijumaa, na haitakuuma Jumatatu. Kisukari kinachovujisha mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho nacho hakiumi, wala hakijali kama uko ofisini au umelala nyumbani. Usitumie nafuu ya Jumapili kufuta miadi ya kupimwa.

Nimejaribu miwani ya mwenzangu wa ofisini, ikanifaa. Si niendelee nayo tu?

Miwani ya kuazima, au ile ya kusomea inayouzwa tayari, ina nguvu sawa pande zote mbili, au nguvu za macho ya mtu mwingine. Macho yako huenda hayalingani. Tena miwani ya kusomea kwa kawaida hulenga umbali wa kitabu, kama sentimita 40, ilhali skrini hukaa sentimita 50 hadi 70. Ndiyo maana unaivutia shingo mbele. Na ukiwa na miwani yenye sehemu ya kusomea chini, utajikuta unainua kidevu kutwa ili uone skrini, halafu unakwenda kutibiwa shingo.

Haitakuharibu jicho. Itakutuliza, nawe utaacha kuja kupimwa. Hapo ndipo madhara yake yalipo.

Na dawa za matone?

Hapa nawaomba mnisikilize kweli. Mgonjwa akifungua mkoba wake, natoa chupa mbili, tatu: moja alipewa na jirani, moja ilibaki tangu mtoto alipougua macho, moja aliambiwa "inasafisha". Nikisoma kibandiko, mojawapo ina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho.

Matone ya steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa daktari anayekufuatilia. Ukijitilia mwenyewe kwa wiki na miezi, yanaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Jicho linakuwa jeupe, muwasho unakwisha, unafurahi, na ndani mshipa unakufa. Umejitengenezea ugonjwa uliokuwa huna. Matone ya kuondoa wekundu nayo, ukiyazoea, wekundu hurudi kwa nguvu zaidi kila unapoyaacha. Kwa jicho kavu yapo machozi ya bandia, uliza hayo. Chupa nyingine zote ulizojikusanyia, acha kuzitumia, lakini usizifiche: njoo nazo. Ile ambayo daktari mwenyewe alikuandikia usiikatize ghafla bila kumuuliza.

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu?

Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ya mwaka 2023 hayakuona kuwa inapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Fedha hiyo ipeleke kwenye kipimo.

Kipimo chenyewe kikoje?

Kusoma herufi ni sehemu tu, ingawa watu wengi huishia hapo na kuondoka na karatasi ya miwani. Omba kipimo kamili. Utasoma ubao kwa jicho mojamoja, mbali na karibu. Utajaribishiwa lenzi. Utapimwa presha ya jicho, yaani msukumo wa maji yaliyo ndani yake, ambayo kwa wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki (mmHg), ingawa mtu anaweza kuwa na glakoma hata ikiwa chini ya hapo. Ndiyo sababu namba peke yake haitoshi. Muhimu kuliko vyote, mtaalamu atatazama nyuma ya jicho, auone mshipa wenyewe. Akiona dalili ya shaka, atakupima na uoni wa pembeni kwa mashine.

Kila baada ya muda gani?

Kama hujawahi kupimwa ukubwani, sasa. Baadaye, kila miaka miwili hivi kwa asiye na tatizo, au mapema zaidi mtaalamu akikwambia. Mwenye kisukari kila mwaka, hata kama anaona mpaka sisimizi ukutani. Usingoje kabisa ikiwa mzazi au ndugu yako wa tumbo moja ana glakoma. Watu wenye asili ya Afrika nao hupata glakoma zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo kwetu miaka 40 si umri wa kusema bado.

Dalili gani nisisubiri hata kesho?

Uoni kupotea au kupungua ghafla. Kuona vimulimuli na vijidoa vipya vingi, au kivuli kama pazia linaloshuka. Jicho jekundu lenye maumivu makali, pamoja na kichefuchefu au kuona duara za rangi kuzunguka taa. Kuanza ghafla kuona vitu viwili viwili. Jicho jekundu linalouma kwa mtu anayevaa lenzi za kubandika: zitoe, nenda. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoletwa na kompyuta. Nenda siku hiyohiyo, na usitie tone lolote njiani.

Nijiandae vipi?

Kaa kwenye kiti chako cha kazi kama unavyokaa siku zote, mwenzako apime kwa futi kamba kutoka machoni mwako mpaka kwenye skrini. Andika namba hiyo. Bila hiyo utapimiwa miwani ya kitabu. Njoo na miwani yako yote, hata iliyovunjika. Kama una kisukari na sukari iko juu siku hizo, sema, maana miwani iliyopimwa sukari ikiwa juu hukukataa ikishuka. Huenda ukatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona ukungu na mwanga utakuchoma. Kwa hiyo omba ruhusa ya siku nzima kazini, na mtu mwingine aendeshe gari wakati wa kurudi.