Jaji wa jimbo Marekani hana kiti cha maisha

Wengi huamini kwamba jaji wa mahakama ya juu kabisa Marekani hukaa kazini mpaka afe au ajiuzulu. Ndivyo ilivyo kwa majaji wa mahakama ya juu ya taifa, iliyoko mji mkuu Washington. Katika majimbo, ni Rhode Island pekee inayotoa ujaji wa maisha usio na ukomo wa umri.

Rose Bird, wakili wa utetezi ambaye hakuwahi kuwa hata hakimu wa mahakama ndogo, aliteuliwa mwaka 1977 na Gavana Jerry Brown kuwa Jaji Mkuu wa jimbo la California, akiwa mwanamke wa kwanza katika mahakama ya juu ya jimbo hilo. Novemba 1986 wapiga kura, waliokerwa hasa na jinsi alivyotengua hukumu za kifo, waliulizwa abaki au aondoke, bila mpinzani yeyote kwenye karatasi, wakamwondoa pamoja na majaji Joseph Grodin na Cruz Reynoso.