Nyuzi za kaboni kwenye gari la kawaida: kisa cha BMW i3

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni nyuzi za kaboni, wengi huuliza: kama ni nyepesi na imara kuliko chuma, mbona magari yote hayaundwi kwa nyuzi hizo? Jibu langu ni BMW i3. Gari hili la umeme lilianza kuundwa mwaka 2013 mjini Leipzig, Ujerumani. Kabla yake, bodi la kaboni lilikuwa anasa ya magari ya mashindano, tangu McLaren walipoingia Formula 1 na chasisi ya kaboni mwaka 1981, na ya magari machache ya matajiri. BMW walitaka kuliingiza kwenye gari la mtu wa kwenda kazini na kurudi.

Tuanze na kitu chenyewe. Unyuzi mmoja una unene wa mikroni 7 hivi, mwembamba kuliko unywele mara kadhaa. Peke yake haujengi kitu. Hulazwa kwa matabaka na kushikwa na gundi ngumu, mara nyingi epoksi, kama nondo ndani ya zege. Nguvu yake iko upande ulikolazwa tu; ukiuvuta kwa ubavu, unaitegemea gundi. Ndiyo maana matabaka hupishana pembe, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuamua tabaka lipi lielekee wapi. Malipo yake ni uzito: sentimita moja ya ujazo ya chuma ni gramu 7.8, ya alumini 2.7, ya mchanganyiko huu karibu 1.6.

Sasa fuata safari ya malighafi ya i3. Nyuzi nyeupe za plastiki ziitwazo PAN zilitengenezwa Otake, Japani. Zikavuka bahari hadi Moses Lake, jimbo la Washington, Marekani, kuokwa kwenye tanuri. Kwanza huokwa kwenye hewa ya joto la nyuzijoto 200 hadi 300 ili zisiyeyuke, kisha kwenye tanuri lisilo na oksijeni, lenye joto la zaidi ya 1,000, mpaka karibu kila kisicho kaboni kitoke. Takriban nusu ya uzito huishia hewani. Tanuri hizo zinakula umeme kupita kiasi, na Moses Lake ilichaguliwa kwa sababu umeme wa maji pale ni rahisi. Kutoka huko nyuzi zilikwenda Wackersdorf, Ujerumani, kufanywa vitambaa, halafu kwenye mashine za kushindilia za Landshut na Leipzig. Mabara matatu, kabla hata gurudumu halijafungwa.

Kisha kuna saa ya ukutani. Bati la chuma hupigwa umbo la mlango kwa sekunde chache. Kitambaa cha kaboni lazima kikatwe, kipangwe ndani ya kalibu, kisukumiwe gundi kwa shinikizo, halafu gundi ingojwe ikauke. BMW waliushusha muda huo hadi chini ya dakika 10, na nasema bila kupepesa macho kwamba katika fani yetu hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini dakika hazishindani na sekunde.

Na faida? Gari lilitoka na uzito wa kilo 1,195 hivi, betri ikiwamo. Hoja ilikuwa kwamba bodi jepesi linahitaji betri ndogo, na betri ndiyo iliyokuwa ghali. Hoja nzuri kwa mwaka 2013. Ila betri hazikusimama kusubiri. I3 ilianza na betri ya kilowati-saa 22. Mwaka 2016 ikapata 33, mwaka 2018 ikapata 42, zote ndani ya kasha la ukubwa uleule. Bodi la kaboni lilipunguza kilo mara moja tu, wakati wakemia wa betri walikuwa wakirudi kila baada ya miaka michache na zawadi mpya. Isitoshe, gari la umeme hurudisha sehemu ya nishati linapofunga breki, kwa hiyo uzito haulitesi mjini kama unavyolitesa gari la petroli.

Uundaji wa i3 ulikoma mwaka 2022, baada ya magari kama 250,000. BMW hawakuitupa kaboni, waliipunguza. Mwaka 2015 kwenye gari lao la kifahari la 7 Series, na baadaye kwenye gari la umeme la iX, waliiweka mahali palipohitaji ukakamavu, kama mihimili ya paa na nguzo, huku kwingine wakitumia chuma na alumini. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa kihandisi. Bodi zima la kaboni lilikuwa kwa kiasi fulani tangazo. Hata mchanganyiko huo una masharti yake: kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini penye unyevu, alumini huliwa, kwa hiyo lazima gundi au kizuizi kikae katikati.

Ukifikiria kununua i3 iliyotumika, jua kwamba paneli za nje, isipokuwa paa, ni plastiki tu na hubadilishwa kirahisi. Cha kuogopa ni kizimba cha kaboni chini yake. Hakinyooshwi kwa nyundo: kikivunjika, kipande hukatwa na kingine hubandikwa kwa gundi maalumu. Pigo linaweza pia kuachanisha matabaka ndani bila uso kuonyesha kitu. Hapo hutumika kipimo cha mawimbi ya sauti, au, kwa fundi mwenye sikio zuri, kugongagonga kwa sarafu: sehemu nzima hulia kwa ukali, iliyoachana hutoa mlio mzito uliofifia. Anzia kwenye vizingiti vya milango, pande zote mbili.