Mashine haijafa, imetanguliwa

Nimechoka kuambiwa "fundi, mashine imekufa". Simu isiyo na waya imetoka kwenye boksi, imechomekwa, inapiga na kupigiwa vizuri, ila watu wakipiga wakati hakuna mtu nyumbani, ujumbe hauonekani. Basi hukumu imeshapita: mashine ya kujibu, ile inayopokea simu na kurekodi ujumbe usipokuwepo, ni mbovu, irudishwe dukani. Nyingi ninazoletewa kwa shtaka hili ni nzima kabisa. Naichomeka kwenye laini nyingine, napiga, inapokea, inanasa ujumbe. Mwenye simu ananiangalia kama mganga.

Laini yako ya simu ya nyumbani ina wapokeaji wawili. Wa kwanza ni mashine iliyomo ndani ya kitako cha simu, yaani kile kipande kinachokaa mezani. Wa pili ni huduma ya ujumbe wa sauti ya kampuni ya simu, iliyoko kwenye mitambo yao, na mara nyingi ilishawashwa hata kabla hujanunua simu. Anayewahi ndiye anayebaki na ujumbe. Mwenzake anasikia tu milio imekoma, basi.

Ufungaji nitaupitia mbio, maana haunikeri. Chomeka adapta ya kitako, na usiichanganye na ya chaja ya mkono wa ziada (mkono ni kile kipande unachoshika ukiongea), kwa kuwa mara nyingi volti zake si sawa. Waya wa laini uende kwenye soketi ya simu. Kama waya huohuo unaleta intaneti ya DSL, pitisha simu kwenye kichujio, kile kidude kinachotenganisha sauti na intaneti, la sivyo utaongea juu ya mvumo. Kama umehamia faiba, soketi ya zamani ukutani kwa kawaida haina uhai tena. Simu inachomekwa nyuma ya ruta, kwenye tundu lenye alama ya simu. Betri ni za kuchaji, NiMH za volti 1.2. Zile za alkali za volti 1.5 zinaingia vizuri kabisa kwenye kijumba chake, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu ukizichaji zinavuja, na zikizidiwa zinapasuka. Weka saa na tarehe, ama kila ujumbe utakuja na siku ya uongo.

Mwongozo utakwambia uchaji kwa saa nyingi, pengine 16, kabla ya kutumia mara ya kwanza. Chaja za simu hizi ni za polepole, kwa hiyo saa hizo hazikutoka hewani. Nami nawaambia watu wafuate. Lakini tukiwa wawili tu: sijawahi kuona aliyeharibu betri za NiMH kwa kupiga simu mbili tatu mapema, mradi mkono urudi kitakoni. Na habari ya kusubiri betri iishe kabisa ndipo uchaji, hiyo ilikuwa desturi ya enzi za betri za zamani za nikeli-kadimiamu. Iache huko.

Halafu kuna wanaoshangaa simu kuzima umeme ukikatika. Laini ya shaba inakuja na takriban volti 48 kutoka kwenye mitambo ya kampuni. Zinaitosha simu ya zamani ya waya, hazitoshi kuendesha redio inayounganisha kitako na mkono, pamoja na mashine ya kujibu. Kitako kikizima, mikono yote nyumbani ni mapambo.

Turudi kwenye ugomvi wangu.

Watu wakiona mashine inapokea upesi kabla hawajafika mezani, wanaingia kwenye menyu na kuongeza idadi ya milio. Kutoka 4 wanaweka 6, wengine 8. Inaonekana ni busara. Kumbe hapo ndipo wanapojinyang'anya ujumbe wenyewe, kwa sababu mashine inahesabu milio ilhali kampuni inahesabu sekunde. Na mlio mmoja si kipimo kimoja kila nchi. Marekani simu hulia sekunde 2 na kunyamaza 4, kwa hiyo kila mzunguko ni sekunde 6. Ujerumani hulia 1 na kunyamaza 4, jumla 5. Uingereza ina ule mlio wa mara mbili, mzunguko wote sekunde 3.

Sasa tuseme kampuni imepanga kuichukua simu baada ya sekunde 20. Kwa mlio wa Uingereza, mlio wa sita unaanza sekunde ya 15, hivyo mashine iliyowekwa 6 inawahi bila wasiwasi. Kwa mlio wa Marekani, mlio wa sita ungeanza sekunde ya 30. Hautasikika kamwe. Hata ukiweka 4, mlio wa nne unaanza sekunde ya 18 na kumalizika ya 20, yaani mashine na kampuni zinafika mlangoni pamoja. Leo inashinda hii, kesho inashinda ile. Hiyo ndiyo ile mashine "inayofanya kazi ikijisikia". Haina kisirani, iko kwenye mbio za karibu mno.

Mtu atanijibu: "Lakini nilijipigia kwa simu ya mkononi, nikahesabu miito minane!" Ulihesabu nini? Ule mwito unaousikia sikioni unapopiga hautoki kwenye simu yako ya nyumbani. Unatengenezwa na mitambo ili ujue kwamba kuna kinachoendelea, na si lazima uende sawa na mlio wa kweli. Unaweza kusikia miwili kabla kitako hakijalia hata mara moja. Kuna na mikono ya ziada ambayo huanza kulia nyuma ya kitako kidogo. Kwa hiyo jaribio linafanyika hivi: simama kando ya kitako, simu ya mkononi iweke mbali na sikio, tazama saa, usipokee. Milio ikikoma, ndipo usikilize salamu. Kama ni sauti yako, mashine imeshinda. Kama ni mtu usiyemjua anayekwambia mteja hapatikani, umeshapata jibu lako na boksi halihitaji kurudi dukani.

Dawa ni mbili. Punguza milio mpaka mashine iwahi kwa nafasi ya kutosha, isiwe kwa sekunde moja. Au iambie kampuni ifunge huduma yake, au irefushe muda kama wanaruhusu. Mimi napendelea kuifunga, ingawa kuna hoja ya kuiacha: ukiwa unaongea na mtu, mashine ya nyumbani haiwezi kumpokea wa pili, na umeme ukikatika haiwezi kumpokea yeyote. Anayepigiwa sana nisingemshauri aifunge. Aiache, ila milio ya mashine iwe michache.

Ukiziacha zote mbili, zoea kuzitofautisha. Namba inayowaka kwenye kitako ni hesabu ya jumbe za mashine. Kialama cha bahasha kwenye skrini ya mkono kwa kawaida kinatoka kwa kampuni. Mama mmoja alifuta kila kitu kwenye kitako, namba ikasoma 0, na bahasha bado inamkonyeza. Akatoa betri. Akazirudisha. Ikamkonyeza. Nikamwambia, "Mama, hebu bonyeza kama unataka kupiga, usikilize." Mlio wa laini ulikuwa unakatikakatika badala ya kunyooka, na kwenye laini nyingi hiyo ndiyo dalili kwamba kuna ujumbe unakungoja kwenye mitambo ya kampuni, ambao hakuna kitufe cha kitako kitakachoufuta.

Zile jumbe tupu, zenye "tuu tuu tuu" tu, nazo si ugonjwa. Mtu alikata wakati salamu yako bado inahubiri, na mitambo haikutuma ishara ya kukatika ambayo mashine yako inaitambua, ikaendelea kurekodi. Fupisha salamu.

Kusikiliza ukiwa mbali: unapiga nyumbani, mashine inapokea, unabonyeza namba ya siri. Ibadilishe ile ya kiwandani, maana 0000 inajulikana na kila mtu. Na baadhi ya mashine hazifunguki kabisa kutoka nje mpaka uweke yako. Kwenye laini zinazopita intaneti, milio ya vitufe wakati mwingine inafika imebanwa na mashine haiitambui. Ninabonyeza polepole, nashikilia kila tarakimu kidogo, na mara nyingi inakubali. Kwa nini nyumba hii ikubali na ya jirani yenye ruta ileile ikatae, sina maelezo ninayoweza kuyatetea.

Na kama uliondoka bila kuiwasha, kuna mashine ambazo ukiziacha zilie muda mrefu kupita kawaida, zinapokea hata zikiwa zimezimwa, ili uweke namba na kuziwasha kutoka huko uliko. Ni ujanja mzuri sana, na hauna maana yoyote kwenye laini ambayo kampuni inachukua simu sekunde ya 20.