Fedha ya Mchango Iko kwa Nani? Maswali kwa Asasi Kabla ya Kujiunga na Huduma ya Malipo Mtandaoni

Malalamiko yanayotufikia siku hizi kutoka asasi zisizo za kiserikali yanafanana mno. Asasi imeweka kitufe cha kuchangia kwenye tovuti, watu wamechangia, shukrani zimetumwa, lakini fedha hazifiki benki. Au zimefika nusu. Au mtoa huduma hapokei simu tena. Ukifungua jalada unakuta viongozi waliuliza jambo moja tu kabla ya kujiunga: makato ni asilimia ngapi? Tunaelewa, kila shilingi ya mchango ina kazi yake. Lakini kuna swali linalotangulia. Tangu mchangiaji abonyeze hadi fedha iingie kwenye akaunti ya asasi, inashikwa na nani, na kwa ruhusa ya nani?

Ruhusa hiyo hapa Tanzania hutolewa na Benki Kuu (BoT), chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Tunalirudia hili kila siku na bado halijaeleweka: cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, si leseni ya malipo, na TIN, yaani namba ya mlipakodi, si leseni ya malipo. BRELA inathibitisha kuwa kampuni ipo. Haisemi kuwa inaruhusiwa kushika fedha za watu. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya BoT, na kuisoma ni bure. Isome ukiwa na rasimu ya mkataba mkononi, maana leseni hupewa kampuni, si jina la biashara linaloonekana kwenye programu. Kama jina la kwenye mkataba halimo, mtake mhusika akuandikie anafanya kazi chini ya leseni ya nani. Waunganishaji halali wapo, wanaopitisha malipo kwenye benki au kampuni ya simu yenye leseni, na hao hawaoni tabu kuitaja. Anayekujibu kwa kukuhesabia wateja alionao, achana naye.

Zipo asasi ambazo bado zinatangaza namba ya simu ya mhazini. Tunajua mhazini ni mwaminifu. Hata hivyo salio hilo ni lake kwa jina, na akifariki asasi itajikuta kwenye mirathi pamoja na warithi. Tena wananchi wamechoshwa na jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo mchangiaji makini akiona jina la mtu binafsi kabla ya kuweka namba ya siri, anasitisha. Fungueni Lipa Namba au akaunti ya taasisi. Andaeni cheti cha usajili, katiba, TIN, vitambulisho vya NIDA vya watia saini, na muhtasari wa kikao kilichowateua, uwe umesainiwa na kupigwa mhuri. Mtia saini akibadilika, pelekeni muhtasari mpya mapema, msingoje yule wa zamani ahame mkoa. Nyaraka hizi si usumbufu: Sheria ya Kudhibiti Utakasaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inamtaka mtoa huduma amtambue mteja wake. Asiyekuuliza chochote ndiye wa kuogopa.

Kwa michango ya kadi, alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti haithibitishi uaminifu wa mtu yeyote. Inaonesha tu kuwa mawasiliano yamefichwa njiani, na tapeli naye anaweza kuipata. Hatari kubwa zaidi ni hii: wezi wa kadi hupenda kurasa za michango, kwa sababu zinapokea kiasi chochote na hazina mzigo wa kusafirisha. Usiku mmoja unaona michango mingi ya dola moja moja, majina hayaeleweki, kadi nyingi zimekataliwa na chache zimepita. Asasi inafurahia wafadhili wapya, kumbe kadi za wizi zinajaribiwa. Wenye kadi wakilalamika, na kwa kawaida wanaweza kufanya hivyo hadi siku 120 baadaye, benki inarudisha fedha na kuwatoza ninyi ada juu yake. Muulizeni mtoa huduma anazuiaje majaribio hayo, nani anabeba gharama, na atashikilia sehemu gani ya fedha zenu kama akiba, kwa muda gani.

Wengine, wakikuta huduma ya nje haipokei akaunti za Tanzania, humwomba ndugu aliyeko Marekani afungue kwa jina lake. Msifanye hivyo. Uhakiki ukifika, akaunti inafungwa fedha zikiwa ndani. Na taarifa ya kodi ya Marekani, fomu 1099-K, inapotolewa hubeba jina la ndugu huyo, naye ndiye atakayeulizwa.

Majina, simu na barua pepe za wachangiaji ni taarifa binafsi chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2022. Asasi inayozikusanya inapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na haiwezi kujitetea kwamba mfumo ni wa kampuni nyingine. Faini ya kufichua taarifa kinyume cha sheria, kwa taasisi, ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Vilevile, kanuni za NGO zilizorekebishwa mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Ufadhili kupitia mtandaoni haufuti wajibu huo.

Kabla ya kutangaza ukurasa wenu, changieni wenyewe kiasi kidogo kwa simu na kwa kadi, muone jina gani linatokea na siku ngapi zinapita hadi benki. Fedha ikikwama, lalamikeni kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, mkiambatisha namba ya muamala, tarehe na kiasi, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Msiporidhika, pelekeni jalada hilo Benki Kuu. Picha ya skrini ya mazungumzo ya WhatsApp peke yake haitoshi kufungua shauri.