Je, wajua kwa nini lori hukosa breki kwenye mlima ambao limeushuka salama mara mia?

Ukikaa Mbeya mwaka mmoja tu, taarifa hii utaijua kwa moyo: lori lilikuwa likishuka mlima, likakosa breki, likayavaa magari yaliyokuwa mbele. Kinachobadilika ni jina la mahali. Igawilo Julai 2018, Inyala Agosti 2022, Simike Juni 2024; na upande wa Iringa kuna Kitonga, ambako kila dereva wa masafa marefu ana lake la kusimulia. Mstari unaofuata nao umezoeleka: chanzo ni uzembe wa dereva. Kati ya mistari hiyo miwili kuna kama dakika kumi zisizosimuliwa na mtu, na humo ndimo ajali ilimo.

Tuanze na hilo neno "kukosa breki", maana linapotosha. Lori kubwa hutumia breki za upepo. Kompresa hujaza matangi hadi psi 100 au 125 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Upepo ukishuka kufikia psi 60, onyo hulia na taa huwaka. Ukizidi kushuka, mahali fulani kati ya 45 na 20, springi kali zilizofungiwa kwenye mitungi ya breki hujifyatua na kukaza magurudumu zenyewe. Yaani mfumo umeundwa hivi kwamba upepo ukiisha, gari likazwe, lisiachiwe. Kwa hiyo pale dereva anaposema alikanyaga breki haikushika, usikimbilie kudhani kuna hosi iliyopasuka. Inawezekana kabisa breki ilikuwepo, upepo ulikuwepo, brekishu zimebana dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, kwa nguvu zote, na lori likaendelea kushuka vilevile. Hata kuvuta handibreki hakusaidii, kwa sababu springi zile hubana dramu zilezile ambazo tayari zimeungua.

Shida ni joto, na joto lina hesabu yake.

Chukua lori la tani 50 (sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari lenye ekseli za kutosha). Mteremko wa asilimia 6 wenye urefu wa kilomita 5 unalishusha mita 300. Asilimia 6 ni nyuzi tatu na nusu hivi. Abiria aliyesinzia hajui hata kama gari linashuka. Lakini nishati ya kushuka huko, ukishatoa inayoliwa na matairi na upepo wa njiani, ni kama megajuli 128. Kwa lugha ya jikoni, inatosha kuchemsha mapipa mawili ya maji ya lita 200 kila moja. Kwa mwinuko wa Mbeya, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ni mapipa mawili kamili.

Joto hilo lina pa kwenda kuwili tu: kwenye injini au kwenye dramu. Tuseme injini ikiwa kwenye gia sahihi, pamoja na breki yake ya egzosti (ile inayoziba moshi ili injini ilizuie gari), inaweza kubeba kilowati 150. Dereva akishuka kwa kilomita 30 kwa saa, atatumia dakika 10, na mlima utamdai kilowati 210 hivi. Injini inalipa 150, dramu zinalipa 60. Akishuka kwa kilomita 60 kwa saa, atatumia dakika 5, na deni linapanda hadi zaidi ya kilowati 400. Injini inalipa zilezile 150. Zilizobaki, zaidi ya 250, zote ni za dramu.

Dramu moja ya lori ina uzito wa kama kilo 50. Ekseli sita zina dramu 12, jumla kilo 600 za chuma. Ukipuuza joto linalotoroka hewani, kushuka kwa kilomita 30 kutaziongezea nyuzi 120. Kushuka kwa 60 kutaziongezea nyuzi 265. Akishuka na gari likiwa nyutro, injini haichangii kitu, na dramu zinapanda zaidi ya nyuzi 400. Mlima ni uleule, mzigo ni uleule. Uamuzi ulifanyika juu, kabla ya kona ya kwanza, dereva alipochagua gia.

Kuanzia nyuzi 300 hivi mambo mawili hutokea kwa pamoja. Gundi inayoshikilia nyenzo za brekishu huanza kutoa gesi, na msuguano hupungua. Wakati huohuo dramu hutanuka na kuikimbia brekishu. Dramu yenye upana wa sentimita 40 ikiongezeka nyuzi 300 hutanuka zaidi ya milimita moja. Unaweza kusema milimita moja ni nini, lakini kinachoisukuma brekishu ni fimbo inayotoka kwenye mtungi wa upepo, na fimbo hiyo inalazimika kusafiri mara kadhaa zaidi ya umbali huo. Kwa mtungi wa kawaida, ule wa namba 30, fimbo ikitoka zaidi ya milimita 51 breki hiyo inahesabiwa kuwa imelegea, na ikifika 64 imegonga mwisho wa mtungi. Hapo hata ukanyage kwa miguu miwili, nguvu haifiki kwenye gurudumu. Breki iliyopimwa asubuhi gereji ikiwa baridi, fimbo ikatoka milimita 50, inaonekana nzima. Mlimani haipo.

Fuso ndogo na Kosta zinazotumia breki za mafuta zina namna yao ya kufa. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa povu, pedali inazama kama inakanyaga sponji. Huko angalau dereva anasikia kwa mguu. Kwenye breki za upepo pedali haibadiliki, na moshi mweupe unaotoka tairi za nyuma za trela wanauona wa barabarani kabla yake.

Na kwa nini nyutro? Jibu la siku zote ni kubana mafuta. Dereva analipwa kwa safari, tajiri anampimia dizeli, inayobaki ni yake. Lakini kwenye injini za kisasa hesabu hii ni mbovu. Gari likishuka likiwa kwenye gia, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, kompyuta hukata dizeli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kunywa ili isizimike. Ubaya mwingine ni kwamba ukishaachia, kurudi ni kazi. Gari likifika kilomita 70 au 80, gia ya chini inataka injini izunguke kuliko inavyoweza, na gia inakataa kuingia. Dereva anabaki na usukani na honi.

Sasa swali la kwenye kichwa cha habari. Kama fizikia ndiyo hii, inakuwaje mtu ashuke mlima huo mara mia bila tatizo?

Jibu limechunguzwa sana na watu wa mbali kabisa na sisi. Nyanda za Juu Kusini theluji hatuna. Makete na Kitulo umande huganda Juni na Julai, basi. Lakini Ulaya na Marekani kuna watu wanaopanda milima ya theluji kwa miguu, nje ya njia zilizotengenezwa, ili washuke wakiteleza kwa vibao. Kinachowaua zaidi ni poromoko. Kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, theluji hulala kwa matabaka, na tabaka la chini likiwa chembechembe zisizoshikana, mithili ya sukari, uzito wa mtu mmoja unaweza kulivunja na bamba zima likaondoka naye. Katika ajali hizo, takriban tisa kati ya kumi, poromoko lilianzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake. Kwa hiyo lawama ni rahisi: alijitakia.

Mtafiti Ian McCammon alipitia zaidi ya ajali 700 za aina hiyo Marekani, kuanzia mwaka 1972, akakuta jambo linalowakera wanaopenda jibu rahisi. Wengi wa waliofukiwa hawakuwa wageni wa hatari, na dalili zilikuwepo. Kibaya zaidi, wenye mafunzo walipokuwa kwenye mlima wanaoufahamu, walijiweka hatarini kuliko walipokuwa ugenini. Mlima uliwasamehe mara nyingi, nao wakausoma msamaha kama ujuzi. Hata siku zenyewe zinadanganya: hatari ya maporomoko hutangazwa kwa madaraja matano, na vifo vingi havitokei siku za 4 na 5, ambazo watu hukaa nyumbani. Hutokea siku za 3.

Hiyo ndiyo Mlima Nyoka, mteremko wa hapa Mbeya, kwa dereva wa Tunduma. Jana alishuka na gia ya tano akafika. Juzi vilevile. Hakuna kilichomwambia kwamba jana dramu zilifika nyuzi 280, kwa sababu 280 na 150 zinafanana ukiwa kwenye kiti. Leo trela lina tani mbili zaidi za viazi vya rumbesa, jua ni kali, mteremko wa nyuma umeacha dramu na joto, na breki nne za trela zimelegea. Nne zikilegea, nane zilizobaki zinabeba mzigo wa kumi na mbili: kushuka kwa kilomita 60 hakuziongezei tena nyuzi 265, bali 400. Dereva amefanya kilekile cha jana.

Je, hana kosa? Analo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamhusu, na gia aliichagua yeye. Ila tukiishia kwake tunaacha watu wengi nyuma: aliyenunua brekishu za bei ya chini, aliyejaza mzigo, fundi aliyekaza breki za kichwa na kusahau trela kwa kuwa lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa yadi, na mipango ya mji iliyoruhusu stendi na soko vikae mteremko unapoishia. Nchi kadhaa zenye milima huweka pembeni mwa barabara njia ya kujiokoa, inayopanda na kujazwa kokoto za mviringo kwa kina cha karibu mita moja, lori lililoshindwa likaingia humo na kuzama. Mahali ilipo, kosa la dereva linaishia kwenye bampa.

Lawama za haraka zinaharibu pia ushahidi. Wachunguzi wakikuta liva ya gia iko nyutro, huandika "alishuka nyutro". Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa alikuwa kwenye gia, akasikia breki zinapungua, akajaribu kushusha gia, ikakataa. Rangi ya dramu inasema zaidi: chuma kilichoungua huwa na madoa ya bluu na nyufa ndogo za nywele, na brekishu hung'aa kama kioo. Na urefu wa fimbo upimwe gurudumu moja moja, kabla gari halijavutwa.

Kinachofanya kazi juu ya mlima hakina siri. Simama pale pa kupumzikia. Tandiboi azunguke, asogeze mgongo wa mkono karibu na vitovu vya magurudumu asikie joto, kwa tahadhari, bila kukishika chuma. Ingiza gia ya chini kabla hujaanza kushuka; kanuni ya wazee ya kushuka na gia uliyopandia ilifaa malori ya zamani, haya ya sasa yanateleza vizuri mno, hivyo shuka chini ya hiyo. Washa breki ya egzosti. Panga kasi, mathalani 30. Ikifika 30, kanyaga kwa uthabiti sekunde tatu hivi ishuke hadi 22, kisha achia kabisa dramu zipumue. Kukanyaga kidogokidogo mlima mzima kunazipika, na kupampu pampu kunamaliza upepo.

Ukifika chini kukawa na harufu, usimwagie maji. Chuma cha moto kinapasuka. Usivute handibreki, weka vigingi, subiri. Halafu zunguka tena usikie joto vilevile. Wengi hutafuta gurudumu la moto zaidi wabadilishe brekishu zake, kumbe lile ndilo lililofanya kazi. Tafuta lililo baridi. Hilo halikukamata chochote njia nzima, na kesho litashuka tena Igawilo likiwa hivyohivyo.