Vivianaiti ni jiwe gani, na kwa nini wenyewe wanalificha gizani

Vivianaiti ni madini ya fosfeti (fosforasi iliyoungana na oksijeni), yaani chuma na fosfeti vimeshikana na maji yakiwa yamefungwa humohumo ndani. Wanaokusanya mawe wanaisaka kwa ile rangi yake ya kijani ya chupa au bluu iliyokolea. Ila wengi hawajui kwamba ikiwa mbichi kabisa, haijaona mwanga, haina rangi, ni angavu kama kioo tu.

Inavotokea ni hivi. Chuma kipo kwenye udongo karibu kila sehemu, fosfeti nayo inatoka kwenye mifupa, meno, mimea iliyooza, hata kinyesi. Sasa fikiria tope la kinamasi, huko chini ambako hewa haifiki, kuna bakteria wanaifanya ile kutu ya chuma iyeyuke, chuma kinatembea na maji mpaka kinakutana na fosfeti, basi vinashikana na fuwele inaanza kukua polepole. Ndo maana inakutwa ndani ya mifupa ya zamani, na hata kwenye ngozi ya Ötzi, yule mtu wa barafu aliyepatikana milima ya Alps 1991, kulikuwa na punje zake za bluu. Kule Kerch, Crimea, imejaa ndani ya makombe ya viumbe wa majini yaliyogeuka mawe, na mimi hizo ndo nazipenda kuliko zote, maana unaona kabisa kiumbe na madini pamoja. Nyingine zinakulia kwenye nyufa za miamba, mfano migodi ya bati ya Huanuni huko Bolivia. Kwa ukubwa lakini hakuna anayeifikia Kameruni, pale Anloua kwenye udongo wa mfinyanzi zimetoka fuwele zinazopita mita moja!

Jina alilipa Mjerumani Abraham Gottlob Werner mwaka 1817, kutokana na mtu aliyeitwa Vivian, wa Cornwall, Uingereza.

Turudi kwenye rangi, maana hapa ndo penye utamu. Chuma cha ndani ni kile ambacho bado hakijashika kutu. Mwanga ukiingia, baadhi ya atomu zake zinapoteza elektroni, alafu elektroni zinakuwa zinaruka kutoka chuma ambacho hakijapoteza kwenda kile kilichopoteza, na kuruka huko kunameza mwanga mwekundu, kinachobaki machoni kwako ni bluu. Ukiendelea kuiacha kwenye mwanga inazidi kuiva, inakuwa nyeusi, inapasuka, na hairudi tena ilivokuwa.

Kwa hiyo jamani msiiweke dirishani, inaniuma sana nikiona hivo. Pia ni laini, kucha inaikwaruza, na inabanduka tabaka tabaka kama ulanga (mika), usiibane na vidole. Iweke kwenye boksi lisilopitisha mwanga, ukitaka kuiona itoe kidogo, itazame ushibe, piga picha, irudishe.