Chhau ya Purulia: Ngoma na Kinyago Chake

Chhau ni ngoma ya kivita ya mashariki mwa India, katika ukanda ambapo majimbo ya Bengal Magharibi, Jharkhand na Odisha yanapakana. Ina mitindo mitatu. Wa Mayurbhanj, Odisha, huchezwa uso ukiwa wazi. Wa Seraikela, Jharkhand, hutumia vinyago vyenye sura tulivu. Wa Purulia, Bengal Magharibi, ndio wenye vinyago vikubwa vya miungu na mazimwi. Mwaka 2010 UNESCO iliiingiza Chhau katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwenye kikao kilichofanyika Nairobi.

Huko Purulia, msimu wenyewe ni sherehe za Chaitra, mwezi wa kalenda ya Kihindu, zinazofikia kilele katikati ya Aprili. Ngoma huchezwa usiku, uwanjani juu ya udongo mtupu, watazamaji wakiwa wameketi kuzunguka. Hufunguliwa kwa kumwomba Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, kisha hufuata visa vya tenzi za Ramayana na Mahabharata, na vya Purana, maandiko ya kale ya Kihindu. Kisa kinachopendwa kupita vyote ni cha mungu wa kike Durga akimuua zimwi Mahishasura.

Mchezaji aliyefunikwa uso hawezi kukunja paji, kutabasamu wala kuimba. Maneno hubaki kwa mwimbaji aliye pembeni, na hisia hubebwa na mwili: hasira huonekana mabega na kifua vikitetemeka, kiburi huonekana katika mwendo na namna ya kutikisa kichwa. Halafu kuna kuruka. Mchezaji hujipindua hewani na kutua kwa magoti. Matundu ya macho ni madogo, pembeni haoni kitu, kwa hiyo hutegemea sana sikio. Dhamsa, ngoma kubwa yenye umbo la bakuli, hupigwa kwa fimbo mbili nzito. Mpiga dhol, ngoma ya kuning'iniza shingoni, humsogelea mchezaji na kumchochea. Zumari hubeba lahani. Aliyeitambulisha sanaa hii mbali na kwao ni mchezaji Gambhir Singh Mura, aliyepewa nishani ya Padma Shri mwaka 1981.

Kwa kuruka kote huko, kinyago cha mti kingekuwa adhabu. Ndiyo maana mafundi wa kijiji cha Charida, chini ya vilima vya Ajodhya, hutumia karatasi. Wengi wao ni wa jamii ya Sutradhar.

Fundi huanza kwa kufinyanga sura kwa udongo juu ya kibao. Hiyo ndiyo kalibu. Ikikauka kidogo huinyunyizia majivu laini kote. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini fundi akiyabania majivu, karatasi hung'ang'ania udongo na kinyago huchanika wakati wa kukibandua. Kisha hubandika vipande vya karatasi kuukuu vilivyolowekwa katika gundi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, nane hadi kumi. Zikipungua, kinyago hubonyea. Zikizidi, pua na midomo hupoteza makali. Kwa sababu hiyo nyusi, midomo na mashavu huchongwa upya kwa udongo juu ya karatasi, ndipo hubandikwa matambara yaliyochovywa katika udongo mwororo. Matambara hayo ndiyo uti wa mgongo wa kinyago.

Kinyago huanikwa juani, husuguliwa kwa kifaa cha mbao hadi kiwe laini, kisha huanikwa tena. Hubanduliwa kikiwa hakijakauka kabisa: kibichi mno hupinda, kikavu mno hupasuka. Kingo hukatwa, matundu ya macho na pua hutobolewa, halafu hupakwa udongo mweupe wa chaki uliochanganywa na gundi. Ukipakwa mzito, utabanduka na kuondoka na rangi.

Rangi humtambulisha mhusika kabla hajasogea. Mungu Shiva ni mweupe. Mazimwi huwa meusi au kijani kizito, macho yametoka na masharubu mazito. Mwisho hufungwa taji la waya lililojaa shanga, manyoya, maua bandia na nyuzi zinazometameta, na hapa mafundi wa siku hizi hawajizuii. Taji zuri likiegemea upande mmoja humchosha mchezaji shingo na kumharibia mizani anapojipindua, hata liwe limepambwa vipi.

Tangu 2018 kinyago hiki kina ulinzi wa utambulisho wa kijiografia nchini India, yaani jina lake limefungwa kisheria na eneo linakotoka. Charida pia huuza vidogo vya kutundika ukutani, na anayetaka cha kuchezea akiangalie kwa ndani: matambara yawe yamefika hadi ukingoni, matundu ya pua yapitishe hewa, na kamba zifungwe mahali palipoimarishwa, si kwenye karatasi tupu.